Farasi Awezaye Kumwongoza Kipofu

Msomaji, huenda umepata kumwona kipofu akishikwa mkono na mtoto, wakipita pamoja kati ya watu wengi sokoni au kando ya barabara kuu. Mtoto hutazama kwa niaba ya wawili, na mkubwa hufuata kwa imani. Ikiwa mtoto ni mwangalifu, wote wawili hufika salama. Ikiwa mawazo yake yamevutwa na mchezo, mkubwa hujikwaa, na kosa la dakika moja laweza kumgharimu mguu au roho. Hilo ndilo jambo la kwanza la kufahamu katika habari ninayotaka kukueleza: amwongozaye kipofu amebeba maisha ya mtu mwingine mkononi mwake, na kwa hiyo haifai apewe kazi hiyo kabla ya kufundishwa na kupimwa.

Kiongozi huyo si lazima awe mwanadamu. Katika nchi nyingi mbwa hufanya kazi hiyo, na tangu mwisho wa karne ya 20 wako hata farasi wachache, wadogo mno kwa kimo, waifanyao. Pengine utacheka ukiambiwa kwamba farasi huingia dukani na bwana wake, hupanda naye gari moshi, na husimama kimya kando ya kiti chake katika mkahawa. Cheka ukipenda, lakini kisha uliza swali ambalo mtu mwenye akili huuliza: ni nani aliyesema kwamba farasi huyu anafaa, na alimpima kwa kipimo gani? Ili kulijibu swali hilo yatupasa kuanza na mbwa, maana farasi alirithi shule ambayo mbwa aliijenga.

Urafiki wa kipofu na mbwa ni wa kale sana. Katika mji wa Herculaneum nchini Italia, uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, ilikuwako picha ya ukutani ambayo husemwa kuwa inaonyesha kipofu akiongozwa na mbwa. Lakini mbwa wa zamani alikuwa mbwa wa bahati tu. Akiwa mwerevu, bwana wake alifaidika. Akiwa mpumbavu, bwana wake aliumia. Hapakuwa na mtu wa kumfundisha kwa utaratibu, wala wa kusema ni yupi anayefaa na ni yupi asiyefaa.

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika utaratibu wa kumfundisha mbwa wa namna hiyo alikuwa Johann Wilhelm Klein wa Vienna, mji mkuu wa Austria, ambaye mwaka 1804 alianzisha mafundisho ya vipofu katika mji huo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1819, Klein alieleza kwamba mbwa afungwe fimbo ngumu iungane na ukosi wake, ili kipofu aishike na ahisi mbwa anaposimama au kugeuka upande. Angalia busara ya jambo hilo dogo. Kamba hulegea, na kamba iliyolegea haisemi neno. Fimbo ngumu haifichi kitu. Kila hatua ya mnyama hufika mkononi mwa mtu papo hapo. Mpini mgumu ambao mnyama kiongozi huvaa mgongoni leo ni mjukuu wa fimbo ile. Hata hivyo, maneno ya Klein yalikaa kitabuni kwa muda wa miaka karibu mia bila ya shule kuyafuata.

Jambo lililoyatoa mawazo kama hayo kitabuni na kuyapeleka barabarani lilikuwa msiba. Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa tangu mwaka 1914 hadi mwaka 1918, iliharibu macho ya maelfu ya vijana kwa risasi, mizinga na hewa za sumu. Askari hao hawakuzaliwa vipofu. Jana walikuwa wakitembea watakako, na leo hawawezi kuvuka chumba bila ya kushikwa mkono. Nchini Ujerumani alikuwako daktari aitwaye Gerhard Stalling. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akitembea na mgonjwa asiyeona katika bustani ya hospitali, akaitwa ghafula, akamwacha mgonjwa pamoja na mbwa wake. Aliporudi, alimkuta mbwa anamlinda na kumwongoza yule mgonjwa kama aliyeamriwa. Kama kisa hicho kilikuwa hivyo hasa au kimepambwa na wasimulizi, matokeo yake yanajulikana: mwaka 1916, katika mji wa Oldenburg, Stalling alifungua shule ya kwanza duniani ya mbwa viongozi wa askari vipofu. Mwaka 1923 shule nyingine kubwa ilifunguliwa katika mji wa Potsdam, karibu na Berlin.

Shule ya Potsdam ilitembelewa na mwanamke wa Kimarekani aitwaye Dorothy Harrison Eustis, ambaye alikuwa akiishi Uswisi na kufuga mbwa wa kazi. Aliyoyaona yalimshangaza. Mtu aliyefika shuleni akipapasa kuta aliondoka akitembea wima, kwa mwendo wa haraka, kana kwamba amerudishiwa macho. Eustis aliandika habari hiyo katika gazeti la *Saturday Evening Post* la Marekani, tarehe 5 Novemba 1927.

Makala hayo yalisomwa kwa sauti kwa kijana mmoja wa mji wa Nashville, jina lake Morris Frank. Alikuwa na umri wa miaka 19 hivi, na alikuwa akiuza bima. Jicho lake la kwanza lilipotea utotoni, alipogongwa na tawi la mti hali amepanda farasi. La pili lilipotea katika mchezo wa ngumi alipokuwa na miaka 16. Tangu hapo alilazimika kumlipa mtu wa kumwongoza, na kiongozi huyo wa kulipwa hakuwa mwaminifu sikuzote. Frank alimwandikia Eustis akiomba mbwa, akaahidi kwamba akifaulu atawafundisha vipofu wengine nchini mwake. Mwaka 1928 alikwenda Uswisi, akafunzwa pamoja na mbwa wa kike aliyempa jina la Buddy.

Aliporudi Marekani mwezi wa Juni mwaka huo, waandishi wa magazeti wa New York walimngojea kwa shaka. Walimtaka avuke West Street, barabara pana iliyojaa magari na mikokoteni ya bandarini, ambayo hata wenye macho waliiogopa. Frank alishika mpini, akatoa amri ya kwenda mbele. Buddy alikwenda, akasimama, akarudi nyuma, akangoja, akaendelea tena, hata wakafika ng'ambo. Tarehe 29 Januari 1929 Frank na Eustis walianzisha huko Nashville shule iitwayo The Seeing Eye, ambayo baadaye ilihamia New Jersey na ingali ikifanya kazi hata leo.

Sasa, msomaji, simama hapa kidogo utafakari. Katika barabara ile, Frank alitoa amri moja tu: mbele. Kama Buddy angalikuwa mbwa mtiifu na mtiifu tu, angalikwenda mbele moja kwa moja, na wote wawili wangalikufa chini ya magurudumu. Aliishi Frank kwa sababu mbwa wake alijua wakati wa kutotii. Walimu wa wanyama hawa wana jina la jambo hilo. Kwa lugha yetu twaweza kuliita uasi wa busara. Mnyama hufundishwa kwanza kutii amri zote, na kisha hufundishwa kuikataa amri ile ambayo ikitiiwa italeta hatari. Akiamriwa kwenda mbele na kuna shimo, hukataa. Akiamriwa kuvuka na gari linakuja, hukataa. Tawi likining'inia mahali ambapo mnyama mwenyewe hupita chini yake bila taabu, lakini bwana wake atagongwa usoni, hukataa au huzunguka. Maana yake ni kwamba mnyama hupaswa kukadiria kimo kisicho chake na hatari isiyo yake. Hicho ndicho kilele cha mafunzo yote, na ndipo wanyama wengi wenye sura nzuri na tabia njema huanguka katika mtihani.

Basi kipimo hiki, kilichopatikana kwa mbwa, ndicho kilichomngojea farasi.

Mwaka 1999, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, mtu na mkewe, Don na Janet Burleson, walianza kujaribu kama farasi wa aina ndogo kabisa aweza kuongoza vipofu. Janet alikuwa amezoea kufunza farasi kwa miaka mingi. Waliunda chama cha kuendeleza kazi hiyo, na mwaka 2001 farasi wao aitwaye Cuddles, mwenye kimo cha futi mbili hivi, alianza kumwongoza mtu mmoja wa jimbo la Maine. Cuddles alipata hata kusafiri katika ndege pamoja na abiria.

Kwa nini mtu amtake farasi, na mbwa wako tele? Sababu zilikuwa za kweli. Wako watu ambao manyoya ya mbwa huwaletea maradhi ya pumzi, na wako wanaomwogopa mbwa tangu utoto. Wako pia ambao dini yao huwatenga na mbwa ndani ya nyumba. Mwaka 2009 mwanamke mmoja Mwislamu wa jimbo la Michigan alipata farasi kiongozi kwa kuwa wazazi wake hawakuweza kukaa na mbwa nyumbani. Zaidi ya hayo, mbwa kiongozi hufanya kazi kwa miaka minane au kumi hivi, kisha huchoka, na kipofu humlilia rafiki yake na kuanza upya na mgeni. Farasi mdogo akitunzwa vizuri aweza kuishi miaka 30 na zaidi. Aidha, macho yake yamewekwa pande mbili za kichwa, hata huona karibu pande zote kwa mara moja bila ya kugeuza shingo.

Lakini sababu ya kumtaka mnyama si ushahidi kwamba anafaa. Kwa hiyo chama kile kiliweka masharti yake. Farasi asizidi inchi 26 kwa kimo, yaani sentimita 66, kipimo kichukuliwe begani, ili aweze kuingia mahali penye watu. Awe mzima wa mwili na mpole wa tabia. Kisha huja masomo, moja juu ya jingine. Kwanza hujifunza kuongozwa na kwenda kwa mwendo wa bwana wake. Hujifunza kukwepa vizuizi: vile visivyotembea, kama nguzo na makopo ya taka, na vile vitembeavyo, kama watu na baiskeli. Hujifunza kusimama kila ardhi inapobadilika, iwe ni ngazi, au ukingo wa njia ya miguu, au kishimo, ili bwana wake apapase kwa mguu kabla ya kuendelea. Hujifunza kusimama kimya muda mrefu bwana wake anapoketi. Hujifunza kujizuia asichafue ndani ya nyumba, na kutoa ishara anapohitaji kutoka. Hupelekwa penye honi, umati na milango ijifunguayo yenyewe, mpaka mambo hayo yasimshtue tena. Na mwisho wa yote hufundishwa somo lile lile la Buddy, yaani kukataa. Ili kwato zisiteleze juu ya sakafu laini, huvalishwa viatu vidogo vya mpira.

Somo la kutoshtuka ndilo zito kuliko yote kwa farasi, na hapa ndipo wapinzani wake walipopata neno la kusema. Mbwa ni mzao wa wanyama wawindaji; akiona jambo geni, husogea kulichunguza. Farasi ni mzao wa wanyama waliowindwa. Akiona jambo geni, damu yake humwambia akimbie. Shoti ya ghafula, ambayo mbugani humwokoa farasi, barabarani humwua kipofu. Tena, mbwa hujikunja chini ya meza, na farasi hawezi. Mbwa hulala kando ya kitanda katika chumba cha ghorofani. Farasi huhitaji uwanja, majani na kibanda. Farasi ni mnyama wa kundi, naye huhuzunika akiwa peke yake. Maneno haya si ya chuki, ni ya ukweli, na kwa sababu hiyo farasi viongozi wamebaki wachache sana hadi leo, na mbwa wamebaki kuwa maelfu. Mwaka 1989 shule za mbwa viongozi za nchi mbalimbali ziliungana katika shirikisho la kimataifa liwekalo kanuni na kuzikagua shule wanachama. Farasi hawakuingia katika shirikisho hilo.

Je, serikali zilisema nini? Historia ya sheria inafundisha kama historia ya wanyama wenyewe. Morris Frank alipoanza kusafiri, wenye magari moshi walitaka Buddy awekwe katika behewa la mizigo, kana kwamba macho ya mtu ni sanduku. Frank alikwenda huku na huko akihojiana nao, na kufikia mwaka 1935 magari moshi yote ya Marekani yalikubali mbwa kiongozi akae na bwana wake. Hawakulainika kwa huruma tu. Walilainika kwa sababu kila mbwa wa shule ile aliyepanda behewa alikaa kwa adabu, asibweke wala asimsumbue mtu. Kila mnyama aliyefundishwa vizuri alimfungulia mlango mwenziwe wa kesho.

Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Kanuni zake zilipopitiwa upya mwaka 2010, na kuanza kutumika tarehe 15 Machi 2011, zilisema kwamba mnyama wa huduma ni mbwa. Lakini ziliongeza kifungu cha pekee kwa farasi mdogo aliyefundishwa kazi. Mwenye duka au ofisi hupaswa kumkubali farasi huyo inapowezekana, akiisha kuangalia mambo manne: kama ukubwa na uzito wa farasi vyaweza kuchukuliwa na mahali pale, kama bwana wake anammudu, kama amefundishwa asichafue ndani, na kama kuwapo kwake hakuleti hatari kwa usalama wa kweli. Ona kwamba baada ya swali la ukubwa, yanayobaki yote ni maswali ya mwenendo na usalama. Sheria haikuuliza kama farasi ni wa ajabu. Iliuliza kama amefunzwa.

Sheria hiyo hiyo haikudai cheti wala barua. Ilifanya hivyo kwa nia njema, ili kipofu asisumbuliwe kila mlangoni kwa kudaiwa makaratasi. Lakini penye uaminifu mwingi, mdanganyifu naye hupata nafasi. Walitokea watu wenye macho mazima na afya njema waliowavisha wanyama wao wa nyumbani mavazi ya kazi, wakawaingiza madukani na ndani ya ndege wakidai ni wanyama wa kuwasaidia. Wanyama hao hawakufunzwa kitu. Walibweka, waliuma, walichafua. Malalamiko yalizidi, na mwezi wa Desemba 2020 wizara ya uchukuzi ya Marekani ilitoa kanuni mpya ya safari za ndege, iliyoanza kutumika tarehe 11 Januari 2021. Kanuni hiyo ilimtambua mbwa peke yake. Wizara ilisema pia kwamba umbo la farasi halipindiki, na nafasi ya ndani ya ndege ni ndogo. Tangu siku hiyo mashirika ya ndege hayalazimiki kumchukua farasi kiongozi hata awe amefaulu kila somo, ingawa madukani na maofisini kifungu cha mwaka 2011 kinaendelea kumlinda.

Hapo, msomaji, unaona uzito wa jambo tunaloliita kipimo. Mtu aliyemvisha kijibwa chake vazi la uongo alidhani anadanganya karani wa uwanja wa ndege tu. Kumbe alikuwa akimnyang'anya kipofu asiyemjua jambo ambalo Morris Frank na Buddy walilitafuta kwa miaka mingi, nalo ni imani ya watu. Imani hiyo hujengwa na mnyama mmoja mmoja, safari moja moja, na hubomolewa vivyo hivyo.

Yamkini hutakutana kamwe na farasi kiongozi. Lakini siku moja waweza kukutana na mbwa wa kazi, au na mtu mwenye fimbo nyeupe, au na yule mtoto amshikaye mkono mkubwa wake barabarani. Ukimwona mnyama aliyevaa mpini, usimwite, usimpapase, wala usimpe chakula. Yuko kazini, na macho ya mtu yako pamoja naye. Ukitaka kusaidia, sema na mtu mwenyewe, umwulize kama ahitaji msaada, na ukubali jibu lake. Na siku utakapopewa wewe kuwaongoza wengine, darasani, uwanjani au katika kazi yoyote, kumbuka habari hii. Wahenga walisema kuwa mwenda pole hajikwai. Kiongozi mwema huenda zaidi ya hapo: hutazama asijikwae yule amfuataye, na penye shimo husimama imara na kukataa, ijapokuwa sauti inayomwamuru kwenda mbele ni ya bwana wake mwenyewe.